Haibridi ya kwanza: ulizia umbo kabla ya kuulizia betri

Ukisema unataka kuagiza haibridi, yaani gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, swali la kwanza utakaloulizwa ni betri. "Ikifa je?" Mimi niliulizwa na kila mtu, kuanzia shemeji yangu hadi kijana wa sheli. Ni swali la haki na nitaligusa huko chini, ila gari nililolinunua halikuamuliwa na betri. Liliamuliwa na swali ambalo hakuna aliyeniuliza: kilomita zako nyingi unaziendesha wapi, na kwa mwendo gani?

Mimi kazi yangu iko Dodoma na familia iko Dar es Salaam. Kila nikienda nyumbani ni lami ya kilomita 450 hivi, na kwenye safari kama hiyo haibridi inafanya kazi tofauti kabisa na ile unayosimuliwa na madereva wa taksi za mtandaoni pale mjini.

Wao hawadanganyi. Kwenye foleni ya Mwenge au Mbezi, haibridi iko nyumbani kwake. Injini inazima, mota ya umeme inasogeza gari, na ukikanyaga breki mota ile ile inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Kwa gari la kawaida nguvu hiyo inaishia kuwa joto kwenye pedi za breki. Sasa vuka Chalinze, shika 110 na utulie hapo. Breki hukanyagi, injini haipati nafasi ya kuzima kwa muda wa maana, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kusukuma hewa iliyo mbele ya gari. Hapo umeme unabaki na msaada mdogo tu, na umbo la gari ndilo linaloamua mafuta.

Kuna ushahidi mzuri wa jambo hili, na unahusu magari mawili ambayo Watanzania wengi huyapima moja dhidi ya jingine. Ni Aqua na Prius, zote za Toyota. Aqua iliuzwa Marekani kwa jina la Prius c. Kwa vipimo rasmi vya huko, ile ya 2012 ilipewa maili 53 kwa galoni mjini na 46 barabara kuu. Prius yenyewe ya kizazi cha tatu ilipewa 51 mjini na 48 barabara kuu. Kwa hesabu yetu, Aqua inaanza na kilomita 22.5 kwa lita mjini na kushuka hadi 19.6 barabara kuu. Prius inaanza na 21.7 na kushuka hadi 20.4 tu. Yaani gari zito zaidi kwa kilo zaidi ya 200, lenye injini ya lita 1.8, linaishinda Aqua ya lita 1.5 mara tu mnapotoka mjini. Si sifa zote ni za umbo, kwa kuwa injini ya 1.8 nayo huzunguka taratibu zaidi kwenye mwendo huo, lakini umbo lina sehemu yake kubwa.

Kipimo cha umbo kinaandikwa Cd, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo hewa inavyoteleza vizuri juu ya bodi. Aqua ni 0.28, Prius ya kizazi cha tatu ni 0.25. Ila usiishie kwenye Cd. Gari linapigana na hewa kwa Cd ukizidisha na ukubwa wa uso wake wa mbele. Ndiyo maana Noah haibridi, gari la familia la Toyota, ambayo tangu 2014 inatumia injini ya familia ile ile ya 1.8, haiwezi kukupa mafuta ya Prius. Ina urefu wa kwenda juu wa zaidi ya mita 1.8, wakati Prius haifiki mita 1.5, na juu ya hapo ni nzito. Kama una watoto wanne na mama mkwe, chukua Noah, lakini ujue unalipia nini.

Mkia nao una siri yake. Watu wanaiona Prius kuwa na sura mbaya kwa nyuma: paa linashuka polepole, halafu ghafla limekatwa. Limekatwa hivyo kwa makusudi. Hewa ikiachiwa taratibu na kisha ikakatwa kwa ukingo mkali, haitengenezi kimbunga kikubwa nyuma ya gari, na kimbunga hicho ndicho kinacholivuta gari nyuma. Honda Insight ya 1999 ilifika mbali zaidi, ikafunika hadi magurudumu ya nyuma ili ipate 0.25. Wala usidhani kila toleo jipya ni laini zaidi kwa hewa. Prius ya kizazi cha nne ilikuwa 0.24, na hii mpya iliyotoka 2022 imepanda hadi 0.27 kwa kutafuta urembo.

Sasa tuje kwenye linaloniuma, nalo ni yale tunayoyafanyia magari haya yakishafika bandarini. Chini ya Prius kuna kava za plastiki zinazofanya hewa ipite bila kujikwaa kwenye vyuma. Gari liko chini, kama sentimita 14 tu kutoka ardhini, kwa hiyo tuta moja la kijijini linatosha kuipasua kava. Ukienda gereji, fundi anaing'oa yote na kukuambia "hii haina kazi, inasumbua tu kumwaga oili". Ina kazi. Mwambie airudishe, na klipu zilizopotea zinunuliwe, ni za bei ndogo. Halafu kuna vile vifuniko vya plastiki juu ya rimu za inchi 15. Watu wanavitupa ili rimu ionekane, bila kujua viliwekwa kulainisha hewa inayopita pembeni ya magurudumu. Rimu pana na matairi mapana ni hasara nyingine.

Kuinua gari kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi, ni jambo gumu zaidi. Najua kwa nini watu wanainua. Mtaani kwangu kuna mashimo. Ukiinua, hewa nyingi zaidi inaingia chini na unapoteza sehemu ya ulichonunua. Kama barabara ya kwenda kwako hailipitishi kabisa gari la sentimita 14, pengine gari la aina hii si lako. Keria juu ya paa nayo iondoke siku usiyobeba kitu. Viazi vya Gairo na nyanya za Dumila zinaenea kwenye buti. Viti vya nyuma vinalala.

Umbo zuri halina msaada kwa mguu mzito. Nguvu ya hewa inapanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 hadi 120, mwendo umeongezeka nusu, lakini hewa inakupinga mara 2.25. Ukishuka kutoka 120 hadi 90, upinzani unapungua karibu nusu, na kwa kila kilomita 100 unachelewa dakika 17 hivi. Katika barabara ya Dodoma huzipotezi hata hizo, kwa sababu vijiji vina vibao vya 50 na trafiki wana tochi. Vijiji hivyo, kwa bahati, vinafaa haibridi. Ukikiona kibao mbali, achia mafuta mapema na ukanyage breki kidogo kidogo, betri inachaji. Ukisubiri hadi tuta liko puani na kubana breki, nguvu inaishia kwenye pedi.

Usipime mafuta kwa safari ya upande mmoja. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo kwenda unapanda na kurudi unateremka. Msimu wa kusi nao, upepo unakupiga usoni ukirudi Dar. Jaza tangi hadi pampu ijikate, nenda na urudi, jaza tena, kisha gawanya. Zile namba za Kijapani kwenye tangazo, kama kilomita 35.4 kwa lita za Aqua, zilitoka kwenye kipimo cha JC08 ambacho mwendo wake wa juu ni kilomita 81.6 kwa saa na wastani ni 24.4. Huo si mwendo wa basi la Dodoma.

Betri sasa. Iko karibu na kiti cha nyuma na inapozwa na hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye feni. Vumbi letu linaziba feni, betri inachemka, na hapo ndipo nyingi zinakufa mapema. Mwambie fundi asafishe feni, na usiweke mabegi kwenye tundu. Kwenye joto washa AC bila huruma: inapoza betri pamoja na wewe, na kwenye mwendo mkubwa ni nafuu kuliko madirisha manne yaliyo wazi.

Kama hutoki Dar, yote haya yapuuze ununue Aqua. Ni nyepesi, maegesho ya Kariakoo inayaweza, na mafundi wameizoea. Hata mimi, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, nikiwa peke yangu naliacha gari. Hesabu pia ushuru mapema kwenye kikokotoo cha TRA, maana gari lililozidi miaka 8 lina nyongeza, na likizidi 10 nyongeza inapanda tena.

Na kabla hujatuma hela Japani, mwombe muuzaji picha za chini ya gari, si za dashibodi peke yake. Ukiona kava zimekatika au hazipo kabisa, omba punguzo au tafuta jingine.