Mkate wa Saa Tisa Usiku

Mpwapwa

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na kelele za mashine ya kukandia unga. Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kwa nini kitambi kinaota wakati unabeba viroba vya ngano usiku kucha, kwa nini waliokupima sukari bure pale Nyerere Square, Dodoma, wameandika 6.3 na kukwambia uko mpakani, na kama ni kweli dawa ni kutoweka kitu mdomoni baada ya saa kumi na mbili jioni, kama anavyohubiri huyo mwenzako wa hapo bekari. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu unaitikia "ndiyo mama" huku umeshasinzia.

Naanza na hiyo 6.3, maana ndiyo iliyokutia hofu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya mtu ambaye hajala ikifika 7.0 au zaidi inaashiria kisukari, na kati ya 6.1 na 6.9 ndipo hapo wanapopaita mpakani. Lakini "hajala" maana yake amekaa angalau saa nane bila chakula wala kinywaji chenye sukari. Wewe walikuuliza kama umekula, ukajibu hapana, kwa kuwa chai ya asubuhi ulikuwa hujainywa. Na mkate wa saa tisa usiku je? Umenitajia mwenyewe: nusu mkate wa moto, na chai ya rangi vijiko vitatu vya sukari. Ukapimwa saa mbili asubuhi. Hizo ni saa tano, baba. Hukusema uongo, ila siku yako na siku ya yule mpimaji hazikuanza pamoja, naye hakujua hilo. Kwa hiyo sikuhesabii mgonjwa kwa namba ile. Siipuuzi pia, kwa sababu hata bila hiyo namba, namna unavyoishi sasa inaeleweka vizuri kisayansi, na haielekei pazuri.

Mwili una saa yake ya ndani inayopanga usiku na mchana. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alichukua mmea wa jamii ya kifauongo, ule unaokunja majani usiku na kuyafungua mchana, akaufungia gizani. Ukaendelea kukunja na kufungua kwa nyakati zake bila kuona jua. Ilichukua muda mrefu mno kujua ni nini kinachohesabu humo ndani. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer, kule Marekani, walipata nzi wadogo wa matunda ambao jeni yao moja ikiharibika, mpangilio wao wa siku unavurugika. Walioendelea kuichambua jeni hiyo na kueleza jinsi inavyofanya kazi, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Na sisi tunazo jeni za namna hiyo, karibu katika kila chembe hai ya mwili.

Saa kubwa iko ubongoni, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, nayo ina chembe za neva kama 20,000 tu. Ikiachwa peke yake haizunguki kwa saa 24 kamili, bali kwa wastani wa saa 24 na dakika kama 11, kwa hiyo kila siku inahitaji kusahihishwa, na kinachoisahihisha ni mwanga unaoingia machoni. Ndiyo maana asubuhi ukitoka kusambaza mikate madukani, jua la Dodoma limeshakupiga usoni kabla hujafika Chang'ombe, na ubongo unaambiwa kumekucha. Wewe unataka kulala, wenyewe unaanza siku.

Hapo ndipo penye jibu la kitambi chako. Ini, kongosho na utumbo vina saa zake pia, na hizo hazisubiri jua peke yake, zinasikiliza chakula. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba panya wakibadilishiwa saa za kula, saa ya ini inahama ndani ya siku chache huku ile ya ubongo ikibaki pale pale. Sasa jitazame wewe. Jua linauambia ubongo wako ni mchana, mkate wa saa tisa unaliambia ini kuwa ni mchana mwingine. Ni kama wewe ukiingiza madonge tanurini wakati mwenzako ameshazima moto: unga ni uleule, hamira ileile, lakini mkate hautoki.

Wala si maneno ya vitabuni tu. Kule Boston, watafiti waliwapa watu chakula kilekile, siku moja saa mbili asubuhi na siku nyingine saa mbili usiku. Baada ya mlo wa usiku sukari ilipanda zaidi kwa asilimia 17. Usiku kongosho husuasua kutoa insulini, homoni ya kushusha sukari, na homoni ya giza, melatonini, inahusika katika kuibana. Chakula chako kingeliwa saa sita mchana kingekuwa chakula. Kikiliwa saa tisa usiku, sukari yake inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko inavyofaa.

Utafiti ninaotaka uukumbuke kuliko wote ni wa mwaka 2021, wa kundi hilohilo la Boston linaloongozwa na Frank Scheer. Vijana 19 wenye afya waliwekwa kwenye mazingira ya kazi ya usiku. Kundi moja lilikula mchana na usiku, kama unavyofanya wewe. Jingine lilikesha vilevile lakini likala mchana tu. Waliokula usiku, wastani wa sukari yao ulipanda kwa asilimia 6.4. Waliokula mchana tu, haukupanda. Kukesha kulikuwa kulekule, tofauti ilikuwa saa ya kula. Najua watu 19 ni wachache, na maabara ya Boston si bekari yenye joto la tanuri. Hakuna aliyewabebesha viroba. Hata hivyo katika yote niliyosoma sijaona jambo jingine la faida kubwa ambalo mtu wa zamu ya usiku anaweza kulifanya bila kumwomba bosi ruhusa.

Kwa hiyo mwenzako anayehubiri saa kumi na mbili hajakosea sana, ila anaifanya saa hiyo kuwa ya kichawi. Haina uchawi. Halafu akikuambia ushinde na njaa mchana pia, mwambie aache.

Usingizi sasa. Umesema unalala saa mbili asubuhi na kuamka saa sita mchana kwa sababu ya joto la bati na watoto wa mpangaji wa pili. Saa nne. Mwaka 1999 Karine Spiegel na Eve Van Cauter, Chicago, waliwalaza vijana 11 saa nne kwa usiku sita mfululizo. Walikuwa wazima kabisa, lakini kasi ya miili yao kuondoa sukari kwenye damu ilishuka kwa karibu asilimia 40 ukilinganisha na walipolala wakashiba. Baadaye wakaona na jambo jingine: usingizi ukipungua, leptini, homoni ya kusema nimeshiba, inashuka kwa asilimia 18, na grelini, ile ya kusema nina njaa, inapanda kwa asilimia 28. Waliojaribiwa walitamani zaidi vitu vitamu na vya wanga. Kwa hiyo usijiite mlafi tena mbele yangu. Umewekwa usiku kucha mbele ya mikate ya moto na mwili unaodai mikate.

Lakini usije ukaanza kuhangaikia hizo saa nane zinazohubiriwa kila mahali. Mwaka 2015 timu ya Jerome Siegel ilipima usingizi wa Wahadzabe wa huku kwetu, bonde la Ziwa Eyasi, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Walilala kati ya saa 5.7 na 7.1, na hawakulala jua lilipozama, bali kama saa tatu baadaye, hewa ikiwa inapoa. Utafiti mwingine wa Wahadzabe, uliotoka 2017, ulinifurahisha zaidi: watu 33 walifuatiliwa kwa siku 20, na muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Siku zote kuna anayegeuka, anayelea mtoto, anayekaa karibu na moto. Binadamu kuwa macho usiku si ajabu wala laana, usikubali mtu akutishe. Ila Wahadzabe wanakwenda na ubaridi wa usiku, na wewe unalala mwili ukiwa unapanda joto, chini ya bati, mwezi wa kumi wa Dodoma. Hapo hata mtu mwenye usingizi mzito angeshtuka saa sita.

Fanya hivi, uone. Mlo mkubwa uwe saa kumi na moja jioni kabla ya kuingia kazini: ugali wa uwele au mtama, mlenda, maharage au kipande cha nyama, shiba kweli. Kuanzia saa nne usiku kunywa maji, mengi, kwa sababu ya lile tanuri. Ukizidiwa na njaa, karanga mkono mmoja, na ukihisi kizunguzungu kula, usije ukaanguka na kiroba kwa ajili ya barua ya mama. Mkate uonje kama kazi inataka uuonje. Chai iwe bila sukari, na ya mwisho isivuke saa nane usiku: kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, na mwaka 2013 ilionekana kwamba hata ikinywewa kwa wingi saa sita kabla ya kulala inakata zaidi ya saa moja ya usingizi. Ile ilikuwa sawa na vikombe kadhaa vya kahawa, chai ina kidogo, lakini wewe usingizi wako hauna pa kukatwa.

Asubuhi vaa kofia pana unaporudi. Kunywa uji na maziwa, kisha lala moja kwa moja bila kushika simu. Dirisha lifunike na kitenge kizito kilichobanwa ukutani, si pazia tu. Mwombe mwenye nyumba aweke dari, na akikataa nunua feni kabla ya hicho kiti cha sofa ulichonitajia. Ukiamka saa sita bila kutaka, usipigane. Lala tena saa tisa hata kama ni saa moja ya nyongeza. Na siku za mapumziko, hizo nyama choma za saa tano usiku na rafiki zako zisogeze jioni. Saa ya ubongo inahama polepole, kama saa moja kwa siku, haiwezi kurukaruka nawe kila wiki.

Rudi ukapime tena, si kwenye turubai la bure bali kliniki, siku ya pili ya mapumziko, ukiwa umelala usiku na hujaweka kitu mdomoni tangu saa mbili usiku uliotangulia, maji tu. Mweleze daktari kazi yako ni ya usiku. Uliza pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Hicho hakidanganywi na mkate wa usiku mmoja.

Unga wa uwele nimempa kondakta wa basi la asubuhi, ufuate stendi. Majibu ya kliniki nisomee baada ya saa kumi jioni. Kabla ya hapo sitaki kuona simu yako, nataka uwe umelala.

Mama yako