Korongo "wa" karatasi au "la" karatasi?

SWALI: Nafundisha kazi za mikono darasa la tano. Tulikuwa tunakunja wale korongo wa Kijapani, nikaandika ubaoni "Korongo langu la karatasi limekamilika". Mwalimu mwenzangu akafuta, akaandika "Korongo wangu wa karatasi amekamilika". Sasa karatasi ina uhai gani mpaka iwe "amekamilika"? Na kwa nini lazima wafike elfu moja?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi mwalimu, ingawa kukufutia ubaoni mbele ya watoto hayo mtayamaliza wenyewe ofisini.

Hoja yako ya uhai ndo wengi wanaishikilia, lakini Kiswahili hakimpimi mtu mapigo ya moyo kwanza ndo kimpe "a-". Angalia ndege. Ndege ametua mtini, ndege imetua uwanjani, neno ni lilelile. Ukiwaambia watoto "leo tunakunja ndege ya karatasi" watakutengenezea ile ya kurushiana ukigeuka kuandika, ukisema "ndege wa karatasi" hapo ndo watauliza mbawa zinakunjwaje. Yani jina la mnyama likihamia kwenye kitu kingine kabisa, upatanisho nao unahama: kipanya cha kompyuta kimeharibika, Simba imefungwa mbili bila (ukisema Simba amefungwa mbili bila, mashabiki watakushangaa). Ila kama ni umbo la mnyama mwenyewe, wa mbao, wa kitambaa au wa karatasi, tunamwachia heshima yake: twiga wa mbao amevunjika shingo, mwanasesere kapotea. Ukitaka "i-" hapo itaje kazi yenyewe, useme sanamu ya twiga imevunjika, maana hapo kinachovunjika ni sanamu.

Halafu kwa korongo kuna tatizo la ziada. Korongo "la" ni lile bonde jembamba lenye kingo kali lililochimbwa na maji, kama korongo la Olduvai. Kwa hiyo mtu akipita dirishani akasoma "korongo langu la karatasi" atadhani mko kwenye jiografia mnatengeneza ramani ya mabonde.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Wajapani nao wamelipitia swali hilihili na wakaamua kama mwenzako. Kwao huwezi kuhesabu kitu hivihivi, kila aina ya kitu ina kiambishi chake cha kuhesabia: karatasi na vitu bapa ni mai, ndege wa mbawa ni wa (ndiyo, wa, imetokea tu kufanana na yetu). Korongo wa kukunja wanahesabiwa kwa wa, yani akishakunjwa si mai tena. Hata jina la wale elfu moja, senbazuru, limebeba jambo hilo: sen ni elfu, ba ni huyohuyo wa aliyebadilika sauti baada ya n, na zuru ni tsuru, korongo.

Kuhusu elfu, simulizi ya zamani ya Kijapani inasema korongo anaishi miaka elfu na kobe elfu kumi, ndo maana ukikunja elfu moja unaombea mtu maisha marefu, afya, au jambo lako litimie. Kwa kawaida wanatungwa kwenye nyuzi 25, kila uzi korongo 40. Mambo yenyewe ni ya siku nyingi, kitabu cha kuwakunja kilichapwa Japani mwaka 1797. Lakini aliyewafikisha duniani kote ni Sadako Sasaki wa Hiroshima, alikuwa na miaka miwili bomu la atomiki lilipoanguka Agosti 6, 1945, akaugua saratani ya damu, na mwaka 1955 akiwa hospitalini akawa anakunja korongo kwa karatasi yoyote aliyopata, hata za kufungia dawa. Akafariki Oktoba mwaka huohuo, ana miaka 12. Watoto wengi wanasimuliwa kwamba aliishia 644 wenzake wakammalizia, ila kaka yake Masahiro alisema alivuka elfu, mi namwamini kaka mtu. Wanafunzi wenzake ndo walianzisha mchango wa mnara wa watoto uliozinduliwa pale Hiroshima 1958, na mpaka leo watu wanapeleka korongo kwa mamilioni kila mwaka.

Sasa mkifikisha elfu yenu msije mkabandika ukutani "korongo wa karatasi elfu moja", maana hiyo inasomeka pia kama korongo mmoja aliyekula karatasi elfu nzima. Andikeni "korongo elfu moja wa karatasi". Na ukipenda makorongo andika makorongo, ila "wa" ibaki palepale.