Kwa kijana aliyeniuliza kama kuna kuchu mwenye mvi

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe wa kijana wa miaka 22 anayesoma chuo hapa Moshi. Ulikuwa mrefu, lakini ndani yake lilikuwemo swali moja tu, kuhusu kuchu, yaani sisi wanaume tunaopenda wanaume: "Kaka, hivi umewahi kumwona kuchu mwenye mvi? Mimi sijawahi. Naona kama tunafika miaka thelathini halafu tunapotea." Anaeleza kwamba amepanga chumba Soweto, mtaa wa hapa mjini, anapika peke yake, anakula peke yake, na watu anaoweza kuwaambia ukweli wote wako ndani ya simu. Wengi wao hata sura zao hazijui.

Nilimjibu usiku uleule. Kwa ruhusa yake namjibu tena hapa, kwa sababu wenzake ni wengi.

Mimi nina mvi, mdogo wangu. Nina miaka 47, nina duka la spea za pikipiki, nalipa kodi, Jumapili nasali, na nimekuwa hivi tangu nijitambue. Tupo. Hamtuoni kwa sababu tulijifunza kujificha kabla ninyi hamjazaliwa.

Wengine hamtawaona kabisa, maana wamezikwa. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo nilikuwa nakwenda misiba ya watu ambao leo wangekuwa na miaka sitini na kitu, na kila msiba tuliambiwa ni kifua. Waliobaki waliogopa sheria, na walikuwa na sababu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotuhusu sisi, kiliachwa na mkoloni kikiwa na adhabu ya miaka 14. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ikaipandisha kuwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Mtu mwenye kazi, mke na watoto akisoma hivyo, anafunga mdomo.

Nizungumze yangu sasa. Nimezaliwa Kibosho, kitinda mimba. Kwetu Uchagani mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kwa hiyo habari ya mke wangu haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa habari ya migomba, ya makaburi ya wazee, ya nani atamtunza mama akizeeka. Kila Desemba ndugu walipopanda kutoka Dar na Arusha, kikao cha ukoo kikishamaliza mambo ya mipaka na michango, baba mdogo alikuwa ananigeukia mimi. "Na huyu je?" Watu wanacheka, mbege, pombe ya ndizi, inazunguka, mimi naangalia chini.

Mwaka 1999 kaka yangu aliikuta barua niliyomwandikia mtu. Aliisoma mbele ya baba. Walianza na maombi, wiki nzima watu wakiniwekea mikono kichwani kama mgonjwa, na hakuna aliyejua pale kwamba Shirika la Afya Duniani lilikwishaliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa tangu tarehe 17 Mei 1990. Maombi yaliposhindwa nikaambiwa niondoke. Nilishuka mjini na kifodi cha mwisho, gari la abiria, nguo nilizovaa tu.

Mjini alikuwepo meku, yaani mzee, mmoja anayeheshimika sana. Mtumishi wa serikali, mwanakwaya, baba wa familia. Sisi tulijua kwamba ni mwenzetu, na mwenyewe aliwahi kuniambia kwa mdomo wake, "Mwanangu, wewe na mimi ni wamoja." Basi nikaenda kwake. Alitoka mpaka getini, akaangalia barabara huku na huku, akanitia noti mkononi na kuniambia nisirudi tena pale. Pesa niliichukua kwa sababu nilikuwa na njaa.

Alifariki miaka michache iliyopita. Nilikwenda kuzika. Wasifu ulisomwa: mume mwema, baba, babu. Chini ya turubai niliwaona wanaume wa rika langu na walionizidi, tunajuana vizuri kabisa, na kila mmoja alikuwa ameinamia karatasi ya ratiba kana kwamba ina mtihani. Hatukusalimiana. Hofu yake siku ile getini ninaielewa, sheria ile ya 1998 ilikuwa bado mpya. Lakini bado inaniuma, na sitamdanganya mtu kwamba imepona.

Aliyenipokea alikuwa mama mjane aliyekuwa anauza mtori Mbuyuni. Aliniona nimelala kwenye benchi lake alfajiri, akaniambia, "Utaosha vyombo. Mengine utaniambia ukitaka." Nilimwambia baada ya miaka mingi, akanijibu kwamba alijua siku ileile, tena akaniuliza kama nimeshakula. Kwake nilijifunza kununua na kuuza, kuweka akiba, kuamka mapema. Duka nililonalo lilianzia kwenye mtaji alionikopesha yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nitaurudia: tafuta mtu mzima. Mmoja anatosha. Si lazima awe kama wewe. Anaweza kuwa shangazi, mama mwenye nyumba, fundi anayekufundisha kazi. Mtazame kwanza. Msikilize anavyowazungumzia watu wasiokuwepo. Anayewasema wengine vibaya kwako, atakusema na wewe. Usimweleze lolote mpaka umeona anatunza siri ndogo, kisha ya kati. Na mtu mzima anayetaka kitanda, picha zako au pesa zako, huyo si mtu mzima wa kukulea, hata kama ana mvi kunishinda.

Hao wa kwenye simu uwe nao makini. Hapa Moshi na Arusha pia kuna genge la kukuchumbia kwa maneno matamu, ukifika chumbani wanaingia wenzao wanaojiita askari, na kuanzia hapo unalipa kila mwezi. Kutana na mtu mchana, mahali penye watu, na pawepo mmoja anayejua uko wapi. Ndiyo maana nasema tafuta mtu mzima: awe wa kumpigia siku hiyo.

Zamani kidogo ilikuwa nafuu. Vilikuwepo vituo vya afya na ushauri ambako kijana alikaa benchi moja na watu waliomzidi umri, wakapeana maneno. Februari 2017 serikali ilisimamisha huduma hizo kwenye vituo 40 nchini, na benchi likaondoka. Hospitali za serikali bado zinatibu watu wote. Ukiwa umepata hatari, wahi kabla ya saa 72 kupita, waambie tu umekuwa kwenye hatari ya maambukizi ya virusi vya Ukimwi, utapewa dawa za kuzuia. Usikae chumbani unalia siku nne.

Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kamati ya kuwasaka watu wetu na kuomba wananchi wapeleke majina, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema ule ni msimamo wake binafsi, si wa serikali. Lakini hofu ilikwishatawanyika. Kijana mmoja alifika stendi ya Moshi na begi la mgongoni, hamjui mtu, amepewa namba yangu na rafiki wa rafiki. Nilimweka kwangu. Jirani waliambiwa ni mtoto wa dada yangu. Alianza kwa kufagia duka, akajua spea, akajua kufungua injini, na leo ana gereji yake Arusha, ameajiri vijana wawili. Akinipigia ananiita mzee. Katika yote niliyofanya maishani hilo ndilo ninalojivunia zaidi, na nalisema bila aibu.

Kuhusu nyumbani: usijitangaze ukiwa bado unalipiwa ada. Maliza masomo, shika kazi, kisha uamue. Na wazazi wetu usiwadai maneno ambayo hawakufundishwa kuyasema. Mama yangu hakuwahi kulizungumza jambo hili hadi leo, lakini miaka yote ile alikuwa anamtuma shangazi Mbuyuni na mkungu wa ndizi, "mpe yule." Baba alikufa hajaniita. Wote wawili ni wazazi wangu.

Usioe ili kujificha. Mjane wa yule meku aliishi miaka arobaini na mtu asiyemjua, na hakuna aliyemuuliza kama ameridhia. Vijana mnaposema kizazi chetu kilifanya unafiki katika hilo, mna haki. Lakini msituhukumu kwa ukali wa mtu ambaye hajawahi kufukuzwa kwao mwaka 1999, bila simu, bila hata jina la kuliita jambo lake.

Sasa naongea na ninyi wa rika langu, mnaonisoma usiku wengine wamelala. Vijana hawa wanadhani tumekufa wote. Sikuombi ujitangaze, mimi mwenyewe hapa situmii jina langu. Naomba umjue kijana mmoja. Mpe kazi dukani, mlipie bima, mfundishe kukopa na kulipa, mkemee akilewa. Na Desemba inakuja. Wachagga wote watapanda migombani, mji utabaki na wale waliokatazwa kwao, kila mmoja chumbani kwake. Mimi tarehe 25 nachinja mbuzi, na chakula kitakuwepo kuanzia saa saba mchana. Kijana wa Soweto ameshasema atakuja na mwenzake. Wewe mwenye nyumba kubwa Rau au Shanty Town, pika pia, na umwite mmoja ambaye hana pa kwenda.