Maswali ya Wasomaji: Chipu Zikiadimika, Karakana Ifanyeje?

SWALI: Wahariri, hamjambo? Karakana yetu ya Ntinda, Kampala, huunda vidhibiti chaji vya sola 50 kwa wiki. Mwaka 2021 kazi ilisimama kwa kukosa mikrokontrola ya STM32F103, yaani chipu inayoendesha kifaa kwa programu. Sasa tunasikia Marekani inajenga viwanda vikubwa vya chipu. Bado tuna haja ya kuweka akiba? Kiasi gani?

JIBU: Ndugu msomaji, haja ipo. Kampuni ya chipu ya TSMC ya Taiwan imejenga Arizona, lakini kiwanda chake cha kwanza huko ni cha teknolojia ya kisasa ya nanomita 4, ya simu na akili mnemba. Mikrokontrola yenu ni ya kizazi cha zamani sana, faida yake ni ndogo, na wachache wanaona sababu ya kuiongezea mitambo. Huko ndiko mnyororo wa ugavi hukatika. Februari 2021 baridi kali ilikata umeme Texas na kusimamisha viwanda vya chipu vya Austin. Mwezi uliofuata moto ukaunguza kiwanda cha chipu cha Renesas kule Naka, Japani. Oktoba 2025 mvutano wa Uholanzi na China kuhusu kampuni ya chipu ya Nexperia uliwatikisa watengenezaji wa magari kwa sababu ya diodi na transista za bei ya chini kabisa.

Hesabu ni hii. Tuseme msambazaji anataka wiki 16, na usafiri pamoja na forodha wiki 4. Wiki 20 mara 50 ni chipu 1,000. Ongezeni akiba ya wiki 8, yaani 400. Basi agizeni kila mara jumla ya zilizo rafuni na zilizo njiani inaposhuka hadi 1,400. Chipu ni nyepesi na huja kwa ndege hadi Entebbe, kwa hiyo usafiri si tatizo kubwa. Kinachokawia ni kiwanda. Msifungie mtaji kwenye rezista, ambazo mbadala wake haukosekani. Akiba iwe ya kile kisicho na mbadala.

Bora zaidi, tafuteni mbadala mapema. Mikrokontrola ya GD32F103 hukaa kwenye nafasi ileile ya bodi, lakini husoma programu kwa kasi zaidi, hivyo ucheleweshaji uliopimwa kwa kuzungusha msimbo huwa mfupi na mawasiliano na skrini huvurugika. Tumieni taima ya ndani ya chipu kupima muda, kisha mjaribu bodi chache kabla ya dharura.

Pakiti zikae zimefungwa. Chipu ya daraja la 3 la kuathiriwa na unyevu ikishafunguliwa ina saa 168 tu, katika joto lisilozidi 30°C na unyevu wa 60%. Ikipita hapo, maji yaliyoingia kwenye plastiki hugeuka mvuke ndani ya tanuri la kulehemu na kuipasua.

SWALI: Mosfeti (swichi za kielektroniki) za IRF3205 tunazonunua mjini zinaungua. Nitatambuaje bandia?

JIBU: Maandishi hayatoshi, pima. Weka volti 10 kwenye geti (mguu wa kuwashia), pitisha ampea 5, kisha gusisha mita kwenye miguu miwili inayopitisha mkondo (drain na source), karibu kabisa na mwili wa mosfeti. Halisi ina miliomu 8 kwa kiwango cha juu, kwa hiyo utasoma milivolti 40 au chini. Soma haraka, kwa sababu joto hupandisha namba. Ukiona 100, hiyo ni miliomu 20: kwenye ampea 20 itatoa wati 8 za joto badala ya 3.2, na kipozajoto chako hakikuundwa kwa mzigo huo. Pima 5 katika kila kifurushi kabla ya kulipa.