Kabla Hujamwaga Bando Lingine, Soma Kioo Cheusi

Jumamosi jioni mpwa wangu alishuka kwenye daladala ya Nyegezi akaja kwangu Mkuyuni, Mwanza, laptopu mgongoni, macho mekundu kwa kukesha. Chuoni walitakiwa kufika Jumatatu wakiwa na mfumo endeshi wa Ubuntu Server 24.04 ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako.

"Shikamoo mjomba. Imegoma. Nimeipakua mara mbili."

Mara mbili! Faili lile lina karibu GB 3, na bando analinunua kwa hela ya kula. Iliniuma. Nikamwambia aiwashe mbele yangu, asiguse kitu. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi: "FATAL: No bootable medium found! System halted."

"Umeyasoma?"

"Niliona FATAL, nikajua faili limeharibika."

Hapo ndipo vijana wengi wanapoteza pesa. Maneno yale hayasemi faili ni bovu. Yanasema mashine pepe imetafuta kitu cha kuwakia haikukiona. Mara nyingi ni kwamba ISO, yaani lile faili la usakinishaji ulilopakua, haikuwekwa kwenye sehemu ya Storage ya VirtualBox. Ya kwake ilikuwemo. Nikamwomba asome jina la faili, akafuata kwa kidole mpaka mwisho: arm64.

Alikuwa ameliona la amd64 akaliruka, kwa sababu laptopu yake ni ya Intel. Kosa hili nimelikuta kwa watu wengi, na simlaumu mtu, jina lenyewe linapotosha. AMD ndiyo iliyobuni muundo huo wa biti 64 na kuanza kuuza prosesa zake mwaka 2003. Intel nayo ikaufuata, lakini jina likabaki. Laptopu yako ikiwa ya Intel, chukua amd64. Arm64 ni ya prosesa za ukoo mwingine kabisa, kama zile za kwenye simu. Kulipakua mara ya pili kulimletea kosa lilelile.

Faili likiwa bovu kweli, dalili huwa nyingine. Mwaka jana nilipakua usiku, umeme ukakatika, ukarudi, upakuaji ukaendelea. Asubuhi usakinishaji ukaanza vizuri, kisha ikaporomoka mistari ya "SQUASHFS error". Nilishinda siku nzima nabadilisha mipangilio ya VirtualBox, ilhali mipangilio haikuwa na shida. Mwanzo wa faili ulikuwa mzima, ndiyo maana iliwaka; kilichoharibika kilikuwa mbele zaidi. Kulihakiki faili, kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapata herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zile zilizo kwenye ukurasa wa kupakulia. Ikipishana hata moja, hapo sasa pakua upya.

Na kama VirtualBox inakuonyesha mifumo ya biti 32 peke yake, faili liache. Zima laptopu, iwashe uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya laptopu (inapowaka bonyeza F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell), uwashe Intel Virtualization Technology, au SVM kwa AMD. Laptopu za mtumba nyingi nilizoshika zilikuja ikiwa imezimwa.

Usiku ule tulipakua faili la amd64 kwa intaneti ya kwangu. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kuvuma, nami nikawa naiombea laini ya umeme. Ilipokamilika, mpwa wangu aliandika zile herufi na tarakimu 64 kwenye daftari, nne nne, akanisomea moja moja huku nazifuata kwenye kioo. Zikalingana zote.

Saa sita kasoro usakinishaji ukaisha, mashine ikajiwasha upya, na ukurasa wa kuchagua lugha ukarudi palepale pa mwanzo. Akanigeukia, uso umemshuka.

"Toa ISO," nikamwambia. "Mashine inawakia humo tena badala ya kuwakia kwenye diski yake."

Akaitoa kwenye Storage, akawasha. Ikamuuliza jina la mtumiaji.