Kabla ya kujiita transjenda mbele ya mtu, jua unataka nini kwake

Mimi ni mwanamume transjenda. Nilipozaliwa niliandikishwa kuwa msichana, na leo naishi kama mwanamume. Hivyo ndivyo ninavyojieleza mara nyingi, lakini si kwa kila mtu. Neno transjenda linamfaa anayelijua tayari. Kwa asiyelijua, ukilitanguliza tu, mazungumzo yote yanageuka kuwa ya neno hilo, na wewe uliyekuja na shida yako unabaki pembeni.

Kwa hiyo anza na unachokihitaji. Kwa shangazi yangu nilianza na ombi: "Shangazi, naomba usiniite tena binti yangu. Niite mwanangu, na jina langu sasa ni hili." Alinyamaza, kisha akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimejijua hivi tangu utotoni. Maswali yaliyofuata yalikuwa ya mtu anayenipenda: nitaoa? Nikizeeka nani atanitunza? Neno transjenda nililitaja mwishoni kabisa, aliposema hajawahi kusikia mtu wa namna yangu. Hapo ndipo lilipofanya kazi, kwa sababu alitambua kwamba tuko wengi na hali yetu ina jina. Naona hiyo ndiyo faida kubwa ya lebo: inamwonyesha msikilizaji kwamba jambo hili hukulianzisha wewe.

Wengi watachanganya jambo hili na mapenzi ya jinsia moja. Litenganishe mapema, kwa maneno mepesi: mimi ni nani ni suala moja, nampenda nani ni suala jingine. Transjenda wengine wanavutiwa na wanaume, wengine na wanawake, wengine na wote. Usijibu kwa niaba yao.

Mtu akikwambia kwamba kuwa transjenda ni ugonjwa wa akili, mjibu kwa ufupi kwamba Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeiweka katika sura ya afya ya kujamiiana. Asipokubali, usikeshe ukibishana naye.

Kwa daktari ni tofauti kabisa. Huko lebo peke yake haitoshi, na kuzungukazunguka kunaweza kukudhuru. Taja homoni unazotumia, upasuaji uliofanyiwa na viungo ulivyo navyo. Mwanamume transjenda ambaye bado ana shingo ya kizazi anahitaji kupimwa saratani ya kiungo hicho kama mwingine yeyote aliye nacho, lakini fomu ikisoma "mwanamume" tu, anaweza asiitwe kamwe kupimwa.

Wasio madaktari nao watakuuliza kuhusu mwili wako, na baadhi yao watauliza mbele za watu. Mimi husema, "Hilo ni la faragha," halafu naendelea na mazungumzo. Sentensi hiyo iwe tayari mdomoni kabla hujaketi na mtu yeyote.

Na kama huyo unayetaka kumwambia ndiye anayekulipia ada au mwenye nyumba unayolala, na unahofia atakufukuza, subiri. Tafuta kwanza pa kwenda, na mtu mmoja unayemwamini ajue siku utakayozungumza.