Jibu kwa mtunzi wa Jinja: usitume faili kabla ya sahihi

Usizitume. Nimesoma swali lako lote, kuhusu programu ya kurekodia, maikrofoni, namna ya kujua muziki uingie wapi katika filamu, na mahali ambapo sisi tuliotangulia tunapata mawazo ya tuni zetu. Yote ni maswali mazuri, lakini katikati yake umepenyeza sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo: kwamba mwongozaji wa Kampala anataka umpelekee Ijumaa muziki wote wa filamu yake pamoja na faili za kila ala peke yake, na kwamba mkataba "mtauandika baadaye, kwa sababu ni mtu wa heshima". Hapo ndipo nilipoacha chai ikapoa.

Najua utanijibu nini, kwa maana hata mimi niliambiwa hivyo nikaamini. Utasema kwamba tuni ni mali ya aliyeitunga tangu dakika anayoirekodi, iwe kuna mkataba au hakuna. Aliyenitia imani hiyo alikuwa mzee mmoja mwenye studio hapa mjini, aliyekaa nyuma ya meza yake ya kuchanganyia sauti akaniambia, kwa utulivu wa mtu aliyeitunga sheria yeye mwenyewe, kwamba kazi ya sanaa haihitaji karatasi na kwamba msanii anayedai karatasi anafukuza riziki. Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli, na ni nusu hiyo iliyoniponza. Sheria yetu ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inakulinda bila kusajili chochote endapo umekaa kwako ukatunga kwa hiari yako. Lakini sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachohusu kazi iliyofanywa katika ajira au kwa kuagizwa, nacho kinasema kwamba pasipokuwa na mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki ni ya mwajiri au ya aliyeagiza. Sasa niambie, mdogo wangu, ni nani anayeamka asubuhi akatunga dakika mbili na nusu za mwanamke anayepanda bodaboda huku akilia, kama hakuagizwa? Muziki wa filamu ni kazi ya kuagizwa kuanzia noti ya kwanza. Kwa hiyo huo ukimya wenu, ambao wewe unauita kuaminiana, mbele ya sheria tayari ni jibu, na jibu hilo linampendelea yeye.

Nikueleze ulivyonigharimu ukimya wa namna hiyo. Filamu yenyewe ilikuwa ya msiba, na kwa mandhari ya mama anayemzika mwanawe nilimwomba mzee mmoja wa Mukono aje nyumbani kwangu na endingidi yake, ile fidla ya uzi mmoja. Tuliziba madirisha kwa magodoro, tukasubiri mvua iache kupiga mabati, kisha nikazima kinanda kabisa. Sauti tano za muziki wa Kiganda hugawanya oktava karibu sawasawa, kila hatua takriban senti 240, ilhali kinanda, kinachoenda kwa senti mia mia, kina 200 au 300 tu za kuikaribia, hivyo vikipigwa pamoja kimoja lazima kionekane kimekosea. (Nazungumzia senti za wanamuziki, zilizo 1,200 katika oktava moja, zile za benki sikuziona.) Nikaviachia vinubi na fidla za kompyuta sauti moja tu ya chini, nikamwacha mzee aende anakotaka. Kabla ya noti ya tatu upinde wake uligusa mti ukatoa mlio mdogo mkavu, naye akataka turudie. Nilikataa, kwa sababu mlio ule ulisikika kama mtu aliyekatwa pumzi katikati ya neno.

Mchanganyaji wa sauti akaomba faili za kila ala peke yake, na katika hilo hakuwa na kosa lolote. Anazihitaji ili aweze kushusha ngoma pale mwigizaji anaponong'ona bila kuua wimbo wote. Nikazitia kwenye flashi, nikampelekea mtayarishaji, nikalipwa shilingi milioni mbili kwa simu pamoja na ujumbe usemao "Asante ndugu, Mungu akubariki sana". Baraka hiyo ndiyo hati pekee ya maandishi niliyonayo kuhusu kazi ile hadi leo.

Baada ya muda nilikuwa nakula katogo katika kibanda kimoja cha Kamwokya, televisheni ikiwa juu ya friji, likaja tangazo la sabuni ya unga. Mama anacheka, mashati yanapepea kwenye kamba, na juu ya ngoma ya kompyuta inalia endingidi. Nikajiambia kwamba wapigaji wa endingidi ni wengi nchini. Kisha, kabla ya noti ya tatu, nikausikia ule mlio wa upinde kwenye mti. Kilio cha mazishi kilikuwa kinaondoa madoa sugu. Waliokuwa mezani wakashangaa kwa nini nacheka, na ukweli ni kwamba nilikuwa sijapata kitu kingine cha kufanya.

Wakili aliyenisikiliza aliuliza swali moja tu, kama kuna karatasi. Nilipomwonyesha ile baraka kwenye simu, akanieleza kwa upole kwamba haki yangu ya kutajwa kuwa mtunzi ingalipo, na kwamba huenda ningeweza hata kulalamikia jinsi kazi ilivyoharibiwa, ila haki ya kuiuza na kuitumia ilikuwa imekwenda kwa aliyeagiza, kwa sababu hapakuwa na mkataba uliosema vinginevyo. Kwa lugha fupi, jina ni langu na fedha ni zao, na gharama ya kulipigania jina peke yake ingezidi malipo niliyopata.

Hata hayo ningeyameza. Lakini yule mzee wa Mukono naye alilisikia tangazo redioni, akapanda taksi mpaka kwangu, akaketi, akakubali chai, akauliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine, halafu akasema, "Mwanangu, wale wa sabuni walitupa kiasi gani?" Alisema walitupa. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba nimekula fungu lake, na sikuwa na karatasi ya kumwonyesha kwamba na mimi sikupewa kitu. Nilimpa nilichokuwa nacho mfukoni, akashukuru, ila tangu siku hiyo hajaja tena kurekodi kwangu, na siwezi kumlaumu.

Ama kuhusu yule mshauri wangu wa studio, nilikuja kujua kwamba yeye mwenyewe hatoi hata mlio wa kengele ya mlangoni bila mkataba uliopigwa muhuri. Ana kabati zima la mikataba. Kwa hiyo wakati ananihubiria kwamba karatasi zinafukuza riziki, riziki yake ilikuwa imefungiwa mgongoni pake kwa kufuli. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mzee huyo aliijua methali hiyo kuliko mimi. Alichofanya ni kutoniambia.

Mwongozaji wako amekuambia pia kwamba mtunzi wa Italia Ennio Morricone alimtungia mwongozaji Sergio Leone muziki kabla kamera haijawashwa. Ni kweli. Kwa filamu yao ya mwaka 1968, Once Upon a Time in the West, muziki ulirekodiwa mapema, ukawa unapigwa pale filamu inapopigwa picha ili waigizaji watembee kwa mwendo wake. Wawili hao waliwahi kusoma darasa moja utotoni mjini Roma, na bado siamini kwamba Morricone alikabidhi kazi kwa ahadi ya WhatsApp. Kutunga mapema kunakuongezea sababu ya kutaka sahihi, kwa kuwa filamu ambayo uhariri wake haujafungwa itakatwa upya, mandhari ya dakika tatu yatakuwa ya dakika mbili, na utatakiwa urudie kila kitu bure mpaka uchoke. Andika katika makubaliano ni marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na yanayozidi yalipiwe kiasi gani.

Karatasi yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Ukurasa mmoja unatosha. Iseme kwamba hakimiliki ya tuni na ya rekodi inabaki kwa mtunzi, na kwamba mtayarishaji anapewa ruhusa ya kutumia muziki huo katika filamu hii, itajwe kwa jina lake, pamoja na tangazo la kuitambulisha, popote filamu itakapoonyeshwa. Usimbanie hapo, kwa maana ana haki ya kuiuza filamu yake kwa televisheni au kwenye intaneti bila kurudi kukubembeleza kila mara. Kisha iseme kwamba matumizi mengine yoyote, iwe sehemu ya pili, mfululizo wa televisheni, tangazo la biashara au wimbo wa mtu mwingine, yanahitaji makubaliano mapya ya maandishi na malipo mapya. Akisisitiza kwamba anataka kumiliki kila kitu, anaweza kununua, lakini alipe bei ya mnunuzi na si bei ya mpangaji, na wewe utie sahihi ukijua umeuza nini.

Umesema unataka kurekodi embaire kijijini Busoga, ile marimba kubwa inayolazwa juu ya shimo, wapigaji wakiwa pande zote mbili. Wazo ni zuri sana, na kila mmoja wa wapigaji hao ana haki jirani, yaani haki ya mpigaji, katika kile anachokipiga. Chukua sahihi ya kila mmoja, au alama ya kidole gumba, pamoja na kiasi ulichomlipa na fungu lake endapo rekodi itauzwa kwingine. Usimwachie kiongozi wa kundi apokee kwa niaba ya wote, la sivyo utaletewa ugeni kama niliouletewa mimi, na wako utajaza taksi nzima.

Dai pia kwamba iandaliwe karatasi inayoorodhesha kila kipande cha muziki katika filamu, urefu wake kwa dakika na sekunde, jina la mtunzi, na kama kinasikika kwa waigizaji wenyewe au kwa watazamaji tu. Jiunge na UPRS, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi wa muziki nchini, na uwapelekee nakala, kwa sababu pasipo orodha hiyo hakuna mtu atakayejua kwamba sauti iliyopita hewani saa tatu usiku ilikuwa yako.

Kuhusu mawazo, nitakuambia langu kwa ufupi. Nenda ukakae karibu na amadinda, marimba ya Kiganda, ikipigwa. Wapigaji wawili hupishana, kila mmoja na mstari wake, na wa tatu hugonga mbao mbili tu za juu, akirudia kila mahali noti mbili za chini zinapotokea katika mistari ya wenzake. Ukisikiliza kwa muda unaanza kusikia tuni ambayo hakuna hata mmoja kati yao anayeipiga. Evaristo Muyinda, aliyekuwa mpigaji wa jumba la Kabaka, aliwafundisha wageni na wenyeji muziki huo, na mimi bado hujifunza katika muziki wake namna ya kuacha nafasi ili mtazamaji aimalizie tuni mwenyewe. Lakini tuni hiyo isiyopigwa na mtu nayo inaweza kuuziwa kampuni ya sabuni, kwa hiyo turudi kwenye Ijumaa yako.

Leo usiku mwandikie hivi: "Ndugu, muziki uko tayari. Nimeambatisha ukurasa mmoja wa makubaliano. Utakaponirudishia ukiwa na sahihi yako na ya shahidi, nitakutumia faili zote siku hiyo hiyo." Akiuliza kwa nini humwamini, mwambie kuna mtu mzima mmoja wa Kampala amekukataza, lawama nitaibeba mimi. Akisema mhariri anahitaji kitu cha kufanyia kazi wakati anatafuta kalamu, mpe nakala moja tu iliyokwisha kuchanganywa, ya ubora wa chini, na sauti yako mwenyewe ikitaja jina lako juu ya muziki kila baada ya nusu dakika. Itamkera sana, na kadiri inavyomkera ndivyo atakavyoharakisha kutia sahihi.